Mimba ya Mwenzio: Sheria Ianze na Aliyebeba

Mtoto anapozaliwa Hospitali ya Bombo, mkunga hujaza tangazo la kizazi kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani. Kwenye nafasi ya mama huandikwa jina moja, la mwanamke aliyejifungua. Tangazo hilo ndilo linaloipa RITA msingi wa kutoa cheti cha kuzaliwa, na cheti ndicho kinachompeleka mtoto shuleni, NIDA, uhamiaji, na siku moja kwenye mgao wa mirathi. Mama wa pili hana pa kuandikwa. Kwa hiyo suala la mwanamke kubeba mimba ya familia nyingine, ambalo wengi tunalichukulia kuwa habari za matajiri wa Marekani, linatuhusu hapa Tanga, na litatukuta hatuna sheria.

Utaalamu wenyewe si mgeni. Mtoto wa kwanza aliyetungwa maabara, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na miaka michache baadaye madaktari waliweza kuchukua yai la mke na mbegu ya mumewe, wakapandikiza kiinitete katika mji wa mimba wa mwanamke mwingine. Leo huduma ya kupandikiza mimba inapatikana Dar es Salaam, na ng'ambo ya Horohoro ipo Kenya. Uhitaji nao upo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupata tatizo la kukosa mtoto katika maisha yake. Kwa mwanamke wa Ngamiani au Pangani, tatizo hilo lina sura ya mawifi wanaonong'ona, ya mume anayeshauriwa aongeze mke, na ya kualikwa kwenye arubaini ya kila mtoto wa mtaa ila wake. Anayelichambua jambo hili bila kumwona mwanamke huyo hajaanza kulichambua.

Sasa chukua mfano wa ndugu wawili. Mdogo mtu, mwenye mume na watoto wake, anakubali kumbebea dada yake ambaye mji wake wa mimba uliondolewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazungumzia kuasili na malezi ya kambo, lakini kubebeana mimba haikugusa. Sheria ya Ushahidi inamchukulia mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa kuwa wa mume wa ndoa hiyo, na hata ndoa ikivunjika, bado inamhesabia ndani ya siku 280. Kwa hiyo baba wa mtoto kisheria ni shemeji, ambaye hakuchangia hata tone. Dada mwenye yai, akitaka kuitwa mama, itabidi aende Mahakama Kuu kumwasili mtoto wa damu yake. Wakiandikiana mkataba, Sheria ya Mikataba inabatilisha makubaliano yanayopingana na maslahi ya umma, na hakuna wakili atakayewahakikishia kwamba yao hayamo. Wakitaka kipimo cha vinasaba, sheria nyingine ya mwaka 2009 imekiweka chini ya usimamizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali, na maombi hupitia mamlaka maalumu kama mahakama na ustawi wa jamii. Zipo pia siku 84 za likizo ya uzazi. Je, anazichukua aliyejifungua, anayehitaji kupona, au anayelea, anayekesha na kichanga? Wote wawili wanazihitaji, na sheria imemwona mmoja.

Majirani zetu wameshaonja pengo hili. Jijini Nairobi wanandoa walibebewa mimba, wakazaliwa pacha. Hospitali ikakwama palepale kwenye jina la mama, ikaripoti kwa idara ya watoto, na pacha wakapelekwa katika makao ya watoto. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, Jaji Mumbi Ngugi, katika hukumu yake ya Juni 2014, aliona wazazi hao wamekosewa haki, na akasema wazi kwamba nchi inahitaji sheria. Fikiria vichanga wa siku chache wanalala makao ilhali waliowasubiri kwa miaka wapo mlangoni, na aliyewabeba maziwa yanamtoka. Hakuna aliyekusudia ukatili. Kilichokosekana ni karatasi inayosema nani ni nani.

Hapa pwani, hata hivyo, karatasi ya serikali haitatosha, kwa sababu swali la nasaba huulizwa msikitini kabla ya kuulizwa mahakamani. Mwaka 1984 baraza la fiqhi la Makka liliwahi kukubali sura moja tu: mke mmoja ambebee mke mwenzake, kwa kuwa mume ni yuleyule. Kwa nyumba za mitala, ambazo kwetu ni za kawaida, ruhusa hiyo ingekuwa na maana kubwa. Mwaka uliofuata baraza likairudisha nyuma, likihofia kwamba mke anayebeba anaweza kushika mimba yake mwenyewe na nasaba ikachanganyika. Mwaka 1986 wanazuoni wa Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, waliokutana Amman, walikataza kubeba mimba kwa niaba ya mwingine. Aya ya pili ya Sura Al-Mujadila, inayomtaja mama kuwa ni yule aliyezaa, ndiyo inayorejewa na wengi. Maulamaa wa Kishia nchini Iran wameruhusu, lakini sisi wengi ni Washafii na hatufuati rai hiyo. Wakatoliki nao wana msimamo mkali: Januari 2024 Papa Francis alitaka jambo hili lipigwe marufuku dunia nzima.

Siandiki haya ili kuwapinga masheikh wala mapadri. Mwenye imani ana haki ya kuambiwa ukweli wa imani yake kabla hajauza shamba kulipia matibabu, na kwa wanandoa wengi wa Tanga ukweli huo utamaliza mjadala. Watamlea mtoto wa ndugu, kama walivyofanya bibi na shangazi zetu miaka nenda miaka rudi, na hilo si jambo dogo. Lakini ndani ya fiqhi hiyohiyo naona somo ambalo watunga sheria wangelichukua. Mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzie, kwa madhehebu ya Shafii mara tano za kushiba, anakuwa mama yake wa kunyonya. Hamrithi wala harithiwi naye, lakini watoto waliopitia ziwa moja hawaoani, na wanafahamiana hivyo hadi uzeeni. Aliyenyonyesha anaweza kulipwa ujira wake, asimchukue mtoto, na bado jina lake likabaki. Ikiwa maziwa ya muda mfupi yanamfanya mtu kuwa jamaa, miezi tisa ya damu haiwezi kumfanya mwanamke kuwa si kitu.

Mila za bara nazo zimeliona. Kwa Wakurya wa Mara, katika nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwingine, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa wa nyumba yake. Desturi hiyo ina dhuluma zake, na simpendekezei yeyote. Ila hata humo aliyezaa anakaa pale pale, mtoto akimwona kila asubuhi.

Biashara ya siku hizi inataka kinyume: aliyezaa asionekane. Na hapo ndipo ninapoogopa. Nani atajitokeza kubeba kwa malipo? Hatakuwa mke wa mkurugenzi wa Raskazone. Atakuwa mkulima wa mwani wa Mkinga ambaye bei imemwangusha, au mama lishe aliyebanwa na mikopo kausha damu, anayedaiwa kila jioni na kunyang'anywa hadi godoro. Mwanamke wa namna hiyo akiwekewa mamilioni mezani hatasoma ukurasa wa pili wa mkataba. India iliruhusu biashara hii kwa miaka, ikaja kuifunga kwa sheria ya mwaka 2021 inayoruhusu kujitolea tu. Thailand ilifunga mlango kwa wageni mwaka 2015, baada ya mtoto mwenye ulemavu kubaki kwa mwanamke aliyembeba huku pacha wake akipelekwa Australia. Dalali akifukuzwa huko hutafuta nchi ambayo sheria yake imenyamaza, na yetu imenyamaza.

Mwili nao una hesabu yake. Mimba ya yai lisilo la mbebaji huongeza hatari ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba matatizo makubwa ya uzazi yaliwapata asilimia 7.8 ya waliobebea wengine, dhidi ya asilimia 2.3 ya walioshika mimba kwa njia ya kawaida. Hiyo ni Kanada. Sisi tumepiga hatua ya kujivunia, kutoka vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, lakini 104 bado ni akina mama wanaozikwa. Mbebaji akifa, nani atawalea watoto wake mwenyewe?

Wapo wanaouliza kwa nini daktari, wakili na kliniki walipwe halafu anayehatarisha maisha aambiwe ajitolee. Hoja hii ina nguvu. Jibu langu ni kwamba arudishiwe kila alichopoteza: kazi aliyoiacha, chakula, nauli, matibabu hata ya miezi baada ya kujifungua, na bima ya maisha kwa ajili ya wanawe. Ila mtoto asiwe na bei, wala pasiwe na kamisheni ya mtu wa kati. Muswada wa Mheshimiwa Millie Odhiambo wa mwaka 2022 kule Kenya umefuata njia hiyo ya kukataza biashara. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa Afrika Kusini. Sheria yao ya watoto inataka Mahakama Kuu iyakague makubaliano kabla mimba haijatungwa, na mbebaji awe tayari ana mtoto wake aliye hai. Mtoto anapozaliwa, wazazi wake wanajulikana tangu siku hiyo.

Tanga tuna Mahakama Kuu, tuna maofisa ustawi wa jamii, tuna wakunga wanaojua kuhoji. Naiomba Tume ya Kurekebisha Sheria na wabunge wa mkoa huu walipeleke jambo hili bungeni kabla kichanga cha kwanza hakijakwama wodini. Waruhusu kubebeana kwa ridhaa iliyothibitishwa na jaji, wakataze udalali kwa adhabu kali, na waongeze kwenye kumbukumbu za RITA mstari wa aliyebeba, ili mtoto akikua na kuuliza apate jibu.

Nawe dada unayesoma haya, ukifuatwa na mtu mwenye bahasha na mkataba, usitie saini siku hiyo. Upeleke kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe, anayetambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na asiyetakiwa kukutoza chochote, na umuulize swali moja: mimba hii ikiharibika nikiwa mikononi mwao, watoto wangu watakuwa mikononi mwa nani?