Kambare Wanaojificha

Mama mmoja, msomaji wetu, alitujia na shauri: kambare wawili wa jamii ya Corydoras aliomnunulia mwanawe hawatoki nyuma ya jiwe, nao wanakonda. Tulikwenda tukawaona. Samaki hawa, asili yao Amerika Kusini, huishi kwa makundi. Wawili ni wapweke, na kwa kuwa hodhi lilitosha, tukashauri wafike sita. Changarawe kali tuliiondoa, maana huchubua sharubu wanazotafutia chakula, tukatandaza mchanga laini. Tukaongeza mimea na vigae vya chungu wapate kujisitiri: ajabu ni kuwa mwenye pa kukimbilia ndiye atokaye. Chakula kizamacho hutiwa taa zikishazimwa, wenzao wa juu wasikimalize. Mtoto naye tulimwomba aache kugonga kioo. Juma la pili, wanne walikuwa wakichokoa mchanga mchana kweupe.