Tenki la maziwa: usinunue mng'aro, nunua mshono

Vijana wenzangu wa maziwa, leo naomba tubishane kidogo. Mimi nasema hivi: kama hela yako inatosha tenki kubwa lenye mshono mbovu au dogo lenye mshono safi, chukua dogo. Wengi mnafanya kinyume, na hasara yake inakuja polepole.

Fundi akitaka kukuuzia atagonga mshono kwa nyundo uone haukatiki. Sawa, haukatiki. Mshono wa stenlesi uliochomelewa vizuri unabeba mzigo karibu sawa na bati lenyewe. Ila tenki la maziwa haliuawi na mzigo, linauawa na kutu. Na kutu hiyo mara nyingi huanzia pembeni mwa mshono, pale palipopata moto bila kuyeyuka.

Sababu iko ndani ya chuma. Stenlesi inakingwa na kromi, angalau asilimia 10.5. Aina ya 304, inayotumika sana kwa vyombo vya maziwa, ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama 8. Sasa, chuma kimejengwa kwa chembe ndogo zilizobanana. Sehemu ikikawia kwenye joto la kati ya nyuzi 450 na 850 hivi, kaboni hukimbilia mipakani mwa chembe na kushikana na kromi. Kando ya mipaka hiyo kromi inapungua, kinga inakufa. Kwa macho huoni kitu.

Baadaye, ukiosha kila siku kwa tindikali na dawa zenye klorini, vishimo vinaanza. Bakteria wanajificha humo, brashi haiwafikii. Maziwa yanachacha, kituo kinayakataa, na wewe unamlaumu mkamuaji!

Kwa hiyo muulize fundi bila aibu:

- Bati ni 304L? Hiyo L maana yake kaboni ni kidogo, isiyozidi asilimia 0.03.
- Waya wa kujazia ni 308L?
- Anatumia gesi ya agoni, na anaipitisha hata upande wa pili wa mshono?
- Rangi ya bluu na nyeusi iliyoachwa na moto ameiondoa? Hapo kinga imeharibika.
- Grenda na brashi yake vinatumika pia kwenye nondo na mageti? Vinaacha vumbi la chuma cha kawaida, nalo linashika kutu.

Kisha pitisha pamba juu ya mshono kwa ndani. Ikinasa nyuzi, uchafu nao utanasa.

Najua mtaniambia, "Afisa, fundi wa agoni yuko mjini na ni ghali." Kweli kabisa. Lakini tenki unalipa mara moja, maziwa yaliyokataliwa unayalipia kila yanapomwagwa, na mkopo wa benki hausubiri. Kama bado hujajipanga, endelea na keni nzuri za alumini zisizo na mshono ndani. Sioni aibu yoyote hapo. Aibu ni kukopa hela ya tenki linalong'aa nje huku ndani limeshaanza kuoza.

Ukienda kununua, beba tochi na pamba. Chungulia ndani kwanza, hela baadaye.