Sauti Nyuma ya Sura

Katika Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, kama ilivyo Mombasa na Unguja, nyimbo za sinema za zamani za Kihindi hupendwa hata na wasiojua Kihindi. Lakini mwenye kuzipenda hana budi ajue anamsifu nani.

Katika wimbo mashuhuri wa Awaara, sinema ya mwaka 1951, anayeonekana akiimba ni Raj Kapoor. Sauti ni ya Mukesh, muziki ni wa Shankar na Jaikishan, na maneno ni ya mshairi Shailendra. Lata Mangeshkar, aliyefariki mwaka 2022, aliwaimbia waigizaji wa kike kwa miongo mingi, sura yake isionekane. Naye Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua lahani za aina hiyo akazitilia mashairi ya Kiswahili.

Basi wazazi waketipo na watoto kusikiliza, na wawaulize: nani ametunga, nani ameimba, nani amepiga ala? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hatamsahau askari wa lindo la usiku, ambaye watu hulala salama kwa kazi yake bila kumwona.