Kabla ya Kumfukuza Dereva, Pima Dizeli Mwenyewe

Leo tuweke programu kando kidogo, tuzungumze kuhusu magari. Lakini msiwe na wasiwasi, hesabu zitakuwepo kama kawaida.

Miezi michache iliyopita shemeji yangu alinipigia simu akiwa na hasira. Alikuwa amenunua Prado ya dizeli, ile ya injini ya lita 2.8, kutoka yadi moja hapa Nairobi. Muuzaji alimwambia, "Mzee, gari hili halinywi mafuta, linaonja tu. Kilomita 14 kwa lita." Sasa kila mwezi dizeli ilikuwa inaisha mapema kuliko alivyopanga.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ni mtu wa kompyuta. Nitengenezee programu ya kumnasa huyu dereva. Ananifyonzea dizeli."

Nikamuuliza ushahidi uko wapi. Akanipa hesabu yake: gari hutembea kama kilomita 2,000 kwa mwezi. Ukigawanya kwa 14 unapata lita 143. Yeye alikuwa akilipia karibu lita 240. Lita 95 na zaidi zimekwenda wapi, kama si kwenye mtungi wa dereva?

Hesabu yenyewe ilikuwa sawa kabisa. Tatizo lilikuwa ile 14. Nikamwomba asimfukuze mtu kabla hatujapima.

Hatukuhitaji programu yoyote. Tulitumia daftari na risiti. Unajaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, unaandika kilomita zilizo kwenye dashibodi, unaendesha, kisha unajaza tena vilevile, ikiwezekana kwenye pampu ileile. Tulifanya hivyo mara sita. Mara nne za kwanza gari lilikuwa mikononi mwa dereva: kilomita 2,244, lita 264. Mara mbili za mwisho shemeji aliendesha mwenyewe na funguo zikalala chumbani kwake: kilomita 1,066, lita 130.

Gawanyeni wenyewe. Dereva alipata kilomita 8.5 kwa lita. Shemeji alipata 8.2. Mwizi wa dizeli, kama yuko, basi ni mwenye gari!

Sasa ile 14 ilitoka wapi? Sijui, na nadhani hata muuzaji hajui. Toyota yenyewe ilipoanza kuuza Prado ya injini hiyo nchini Japani mwaka 2015, ilitangaza kilomita 11.8 kwa lita. Na hata hiyo 11.8 ilitokana na kipimo cha maabara kiitwacho JC08. Gari huwekwa juu ya magurudumu ya chuma na kuendeshwa kwa dakika kama 20. Mwendo wa wastani ni kilomita 24 hivi kwa saa, na wa juu kabisa hauzidi 82. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna mlima, hakuna matuta ya barabarani, hakuna mvua, hakuna matatu inayokuchomekea ghafla.

Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Programu inakimbia kama umeme kwenye mashine yako ofisini, ukiipeleka kwa mteja inatambaa. Hujadanganya; umepima tu mahali ambapo mteja haishi. Kipimo cha maabara kina kazi yake, nayo ni kulinganisha gari hili na lile katika hali moja. Hakikuwekwa ili kutabiri bili yako ya mafuta kati ya Rongai na mjini.

Wala si Kenya peke yake. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa ripoti iliyotumia takwimu zilizorekodiwa na vifaa ndani ya magari yenyewe, yale yaliyosajiliwa mwaka 2021. Magari ya dizeli yalitumia mafuta zaidi ya namba rasmi kwa takriban asilimia 18, na ya petroli kwa takriban asilimia 24. Na huko kipimo ni kipya zaidi na kikali zaidi kuliko JC08.

Ukija kwenye gari kubwa la dizeli, kuna mambo matatu yanayoumiza zaidi. La kwanza ni uzito. Gari la tani mbili na zaidi linahitaji nguvu nyingi kila linapoondoka, na kwenye msongamano unaondoka na kusimama mara mia. Nguvu hiyo yote unaigeuza joto kwenye breki. La pili ni umbo. Ukipanda kutoka mwendo wa 80 hadi 110, ukinzani wa hewa huongezeka kwa karibu asilimia 90, na gari refu lenye kifua kipana, tena lenye keria juu, linausikia hasa. La tatu ni safari fupi. Dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Likijaa, injini hutumia dizeli ya ziada kuyachoma masizi hayo. Gari la kwenda dukani na kurudi halipati nafasi ya kumaliza kazi hiyo vizuri.

Najua kuna atakayesema, "Mimi Prado yangu inanipa 11, nilipima nikienda Mombasa." Ndugu yangu, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ulikuwa unateremka! Gari la kilo 2,500 pamoja na abiria likishuka kimo hicho, kwa hesabu yangu, linaweza kuokoa hadi lita tatu na nusu hivi za dizeli. Ukirudi utazilipa zote. Kama wastani wako wa kweli ni 10 kwa safari ya kilomita 480, basi kushuka kutakuonyesha karibu 10.8 na kupanda 9.3. Pima kwenda na kurudi, kisha jumlisha kilomita zote na ugawanye kwa lita zote.

Je, nasema dizeli ni utapeli? Hapana. Kabla ya Prado, shemeji alikuwa na gari kubwa la petroli lililompa kilomita 6 kwa lita. Kutoka 6 hadi 8.4 kunaonekana kama hatua ndogo, lakini hesabu kwa kilomita 100: zamani lita 16.7, sasa 11.9. Ameokoa karibu lita tano. Anayebadilisha gari dogo la 14 akachukua la 20 anaokoa lita mbili tu kwa umbali huohuo. Ndiyo maana napenda tuhesabu lita kwa kilomita 100. Kilomita kwa lita hutufanya tushangilie pasipostahili na tulalamike pasipo sababu.

Kwa hiyo gari la shemeji si baya. Linafanya kazi inayolingana na uzito wake. Kilichokuwa kibaya ni namba isiyo na mwenyewe, iliyosemwa yadini kwa tabasamu, na mtu mwingine asiyehusika akakaribia kupoteza kazi yake.

Msimamo wangu ni huu. Muuzaji akikutajia kilomita kwa lita, muulize: kwa kipimo gani, na wapi? Kama hana jibu, ichukulie namba hiyo kama porojo. Kama safari zako nyingi ni za mjini, usinunue gari la tani mbili kwa sababu tu ni la dizeli. Neno dizeli haliondoi uzito. Na kama umemwajiri dereva, weka daftari kwenye gari tangu siku ya kwanza, na uendeshe tangi mbili mwenyewe kabla ya kumshuku. EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hiyo huna uwezo nayo. Lita ulizotumia unaweza kuzijua.

Shemeji alimwomba dereva msamaha, kwa shida kidogo, lakini aliomba. Kijana bado yuko kazini.

Kama una Pajero, Discovery au Land Cruiser ya dizeli na risiti za angalau tangi tano, niandikie namba zako na barabara unazopita. Nitaziweka hapa zote, nzuri na mbaya.