Pakiti ya Glukosi si Karatasi ya Majibu



Alikuja mbele yetu mzazi mmoja akiwa na lalamiko. Binti yake wa kidato cha nne anaishi kwa sindano za insulini tangu utotoni. Asubuhi ya mtihani wa Hisabati alijichoma kama kawaida, lakini kwa hofu chakula hakikupita kooni. Mlangoni msimamizi alimpekua, akamnyang'anya pakiti ya glukosi na kipimo cha sukari, akisema havihusiki na mtihani. Haikupita saa moja na nusu, binti akawa anatokwa jasho, mikono inatetemeka, tarakimu zinamchezea machoni. Aliinua mkono, akaambiwa atulie. Karatasi yake ilikusanywa nusu tupu. Mzazi alipokwenda shuleni kuuliza, alijibiwa kwamba mtoto mgonjwa angesubiri mwaka mwingine.

Sisi twaliita jambo hili dhuluma, wala hatutafuti neno laini zaidi.

Kisukari cha aina ya kwanza hakiletwi na ulafi wala uzembe wa wazazi. Kinga ya mwili yenyewe hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na tangu hapo mtoto hawezi kuishi bila kuipata kwa sindano kila siku. Akijichoma asile, sukari hushuka. Ikipungua chini ya milimoli 4 kwa lita, ubongo hukosa chakula chake, na asipopewa sukari upesi aweza kuzimia na kupata degedege. Tiba yake ya kwanza ni ndogo hata yatia aibu kuibishania: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Lakini akili hairudi papo hapo. Mtahiniwa aliyeshuka hivyo hupoteza dakika nyingi za mtihani wa saa tatu, na hakuna anayemrudishia.

Watatujibu: tunazuia wizi wa mitihani. Nasi twauchukia wizi huo. Lakini pakiti ya glukosi hufunguliwa na kukaguliwa kwa nusu dakika, na kipimo cha sukari chaweza kukaa juu ya meza ya msimamizi. Huko Uingereza mtahiniwa mwenye kisukari aweza kupewa mapumziko chini ya macho ya msimamizi, na saa yake ya mtihani ikasimamishwa mpaka arudi kitini. Je, mitihani yao imekosa heshima kwa sababu hiyo?

Liko jambo baya zaidi, nalo halionekani. Watoto wakijua kwamba hawatasaidiwa, hujitafutia njia. Hupunguza dozi kwa siri, au huiacha kabisa wiki ya mitihani, ili sukari ibaki juu wasije wakaanguka mbele ya wenzao. Na hofu yenyewe ya mtihani hupandisha sukari. Hapo huja kiu kali, kichwa kizito, na haja ya kwenda chooni kila mara, jambo ambalo nalo hugeuzwa kuwa dalili ya udanganyifu. Damu ikizidi kujaa asidi, mtoto hutapika, hupumua kwa nguvu, na asipofikishwa hospitali hufa. Nani atahesabiwa kosa hilo? Tutasema alikuwa mkaidi wa dawa?

Wako pia (na tuseme kweli, wamo hata kati yetu) wanaomshauri mzazi aache sindano kwa kuwa mtoto ameombewa. Sala haijawahi kumkataza mtu dawa.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Wagunduzi waliuza hataza yao kwa chuo kikuu chao kwa dola moja kila mmoja, ili isiwe mali ya wachache. Tangu mwaka 1977 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, unaotaja afya na elimu pia. Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, mwezi uleule ambao vijana wetu wa kidato cha nne huwa katika vyumba vya mitihani.

Basi twazidai shule, tukianza na zile zilizo chini ya parokia zetu, maana hatuwezi kunyoshea wengine kidole. Bwenini pawe na mahali pa baridi pa kuhifadhia insulini. Pasipo na jokofu, mtungi wa udongo wenye maji husaidia. Matroni na walimu wafundishwe dalili za sukari kushuka. Siku ya mtihani jikoni pawahi, mtoto ale baada ya sindano. Na mkuu wa shule asisubiri kuombwa: barua ya daktari na ombi la muda wa ziada vifike kwa wahusika wa mitihani wakati wa usajili, na msimamizi apewe nakala mkononi kabla watahiniwa hawajapangwa mstari mlangoni.