Skyrim ikizimika, tufungue xEdit kabla ya kufuta kila kitu

Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na mpaka leo kuna watu wanaoicheza kila jioni. Sababu kubwa ni modi, yaani faili ambazo wapenzi wa mchezo wanazitengeneza wenyewe ili kuongeza silaha, vijiji, sura za watu, hali ya hewa, hata hadithi nzima ambazo kampuni ya Bethesda haikuziweka. Mwenye ordinateri anaanza na modi kumi, kisha hamsini, kisha mia mbili. Siku moja mchezo unazimika wenyewe pale anapoingia mjini Whiterun. Akiuliza wenzake, jibu analopewa karibu kila mara ni lile lile: futa zote, weka mchezo upya.

Ushauri huo ni mbaya, na kwetu mashariki mwa Kongo ni mbaya mara mbili. Toleo la Special Edition, lililotoka mwaka 2016, linaomba gigabaiti 12 kwenye diski kabla hujaweka modi hata moja. Anayenunua mega za siku au za wiki, na ambaye umeme wake unaweza kukatika wakati faili imefika nusu, anajua hesabu hiyo inamfikisha wapi. Na baada ya gharama yote hiyo atarudisha modi zile zile kwa mpangilio ule ule, kisha mchezo utazimika pale pale.

Kipo chombo cha bure kinachoweza kumwambia tatizo liko wapi. Kinaitwa xEdit. Kwa Skyrim ya zamani kinajiita TES5Edit, kwa Special Edition kinajiita SSEEdit, kwa Fallout 4 ni FO4Edit. Programu ni moja, jina tu linafuata mchezo. Aliyeianzisha, tangu enzi za Fallout 3, anajulikana kwa jina la ElminsterAU. Ikishaingia kwenye mashini haiombi intaneti. Kazi yake ni kufungua plagini, zile faili zenye mkia wa esp, esm au esl ambazo zimebeba maagizo ya kila modi, na kukuonyesha kilichoandikwa ndani.

Ili kuelewa faida yake ni lazima kushika kanuni moja ya Skyrim. Dunia yote ya mchezo imeandikwa katika rekodi: kila mtu ana yake, kila upanga, kila chumba. Plagini mbili zikigusa rekodi moja, ile inayopakiwa mwisho ndiyo inashinda, na inashinda rekodi nzima, hata sehemu ambazo mwandishi wake hakuwa na nia ya kuzigusa.

Chukua mfano wa mwenye duka. Modi ya kwanza imempa sura mpya. Modi ya pili imebadili ratiba yake tu, ili usiku aende kulala mahali pengine. Mwandishi wa hii ya pili hakujali sura, lakini rekodi aliyoinakili kutoka mchezo wa asili imebeba sura ya zamani. Ikipakiwa mwisho, rekodi inasema sura ya zamani, wakati faili ya umbo la kichwa iliyoko kwenye diski bado ni ya modi ya kwanza. Mchezo unakuta mambo mawili yasiyoendana, na mwenye duka anatokea na uso wa kijivu au mweusi ambao haufanani hata kidogo na shingo yake. Nimesikia kijana akiambiwa kwamba hiyo ni kadi ya grafiki imeanza kufa. Kwa tatizo la rekodi moja, mtu angeweza kuuza ordinateri nzima!

Kwa xEdit uchunguzi wa jambo hili hauchukui muda mrefu. Ndani ya mchezo unafungua konsoli (kwa klaviye ya Kifaransa ni kitufe cha ² kilicho chini ya Esc), unamkliki mtu huyo, na namba yake inatokea. Herufi mbili za mwanzo zinataja plagini iliyomleta. 00 ni Skyrim.esm yenyewe. Namba hiyo unaiandika ndani ya xEdit, na kutoka hapo unafuata mpaka kwenye rekodi yake ya msingi. Plagini zote zinazomgusa zinapangwa kwa safu za kusimama: kushoto kabisa iko faili mama, kulia kabisa yule anayeshinda. Unasoma mstari kwa mstari nani amebadili nini. Kisha unanakili rekodi yenye sura mpya kwenye plagini mpya tupu, unavuta ratiba kutoka safu ya modi ya pili, na unaweka plagini hiyo mwisho. Hicho ndicho kiraka. Modi zote mbili zinabaki, na hukutumia mega hata moja.

Sisi tunaocheza kwa Kifaransa tuna sababu ya ziada ya kukijua chombo hiki. Skyrim yenyewe ina Kifaransa rasmi, lakini modi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na maneno yake yamekaa ndani ya rekodi. Ndiyo maana unakuta upanga mmoja una jina la Kiingereza katikati ya mchezo wa Kifaransa. Wengi wanaliona hilo kama uchafu mdogo wa kuvumilia. Mimi naliona kama taarifa ya bure: linakuambia kwamba kuna plagini ya Kiingereza imeshinda rekodi hiyo, na kama imeshinda jina, imeshinda pia uzito, bei na nguvu ya upanga. Upande wa pili kuna tafsiri za Kifaransa ambazo hutolewa kama plagini nzima inayokaa mahali pa ile ya asili. Mwandishi akirekebisha kosa leo, na wewe ukaendelea na tafsiri ya miaka miwili iliyopita, umepata Kifaransa na umerudisha kosa. xEdit ina amri ya kulinganisha faili mbili za plagini moja, na tofauti zinaonekana wazi.

Kuna wanaofungua xEdit mara moja, wanaona rangi nyekundu kila upande, wanaogopa na kufunga. Nyekundu si kosa. Inasema tu kwamba plagini zaidi ya moja zimeandika mambo tofauti katika rekodi hiyo. Kiraka chako mwenyewe, kilichotengenezwa vizuri kabisa, nacho kitaonyesha nyekundu, kwa sababu kazi yake ni kuwashinda wengine. Kijani maana yake wote wanasema jambo moja, na njano ni badiliko ambalo hakuna anayelipinga. Ukitaka makosa ya kweli, ipo amri ya kukagua makosa, inayotaja rekodi zinazoelekeza kwenye kitu ambacho hakipo. Na kama kuna faili mama inayokosekana, sababu ya kawaida ya mchezo kufa kabla hata ya menyu, xEdit itakataa kuendelea na itakutajia jina lake.

Kusafisha plagini nako kumeeleweka vibaya. Ni kweli kwamba plagini fulani zimebeba rekodi zilizonakiliwa bure, zinazofanana kabisa na za faili mama, na hizo zinaweza kufuta kazi ya modi iliyotangulia. Ni kweli pia kwamba mwandishi akifuta kabisa mti au meza ya mchezo wa asili, modi nyingine inayoutafuta mti ule inaweza kuangusha mchezo. xEdit hurudisha kitu hicho na kukificha tu. Lakini hiyo si ruhusa ya kupitisha ufagio kwenye plagini zote mia mbili. Rekodi nyingine zimenakiliwa kwa makusudi. Programu ya LOOT inataja zipi zinahitaji kusafishwa. Anza na hizo, moja moja, na usifute nakala za akiba ambazo xEdit inaziweka.

Wapo wanaosema njia rahisi ni kuzima nusu ya modi, kujaribu, kisha nusu ya nusu. Njia hiyo naiheshimu. Kwa modi mia mbili inahitaji majaribio kama manane tu, na haili mega. Kasoro yake ni kwamba inakupa jina la mshukiwa bila kukuambia alifanya nini, na anayeishia hapo hutupa modi nzuri ambayo ilihitaji kiraka cha rekodi moja. Itumie kumpata mshukiwa, halafu mfungue ndani ya xEdit.

Chombo hiki pia kina mipaka yake. Hakisomi maumbo yaliyoharibika, hakikuambii skripti inakwama wapi wakati mchezo unatembea, na hakigusi faili za DLL zinazotegemea SKSE. Bethesda ilipobadilisha mchezo mnamo Novemba 2021, modi nyingi za aina hiyo zilikufa siku moja, na hakuna rekodi ambayo ungeirekebisha ili kuziponya. Katika hali kama hiyo soma ripoti ambayo modi ya kurekodi ajali inaiandika mchezo unapoanguka, na uhakikishe toleo la SKSE linalingana na toleo la mchezo. Vilevile usitoe modi katikati ya safari uliyokwisha kuihifadhi, ukifikiri xEdit itakuokoa. Mabaki ya skripti yanabaki ndani ya hifadhi hiyo.

Kiraka ukishakitengeneza, usikifiche. Mara nyingi ni kilobaiti chache, na ukikipa alama ya plagini nyepesi hakihesabiwi katika zile nafasi 254 za plagini za kawaida. Rafiki aliyeko Uvira au Butembo, mwenye modi zile zile kwa toleo lile lile, anaweza kukipokea kwa WhatsApp hata siku ambayo mega zake zinakaribia kwisha. Mwandikie tu pamoja nacho ni rekodi ipi umeibadili na kwa nini, ili naye akiona uso wa kijivu kwa mtu mwingine ajue pa kuanzia.