Kupiga chapa si kuchapisha: Kijana, pesa ya kwanza ya kitabu chako mpe mhariri

Umemaliza kuandika kitabu. Hongera, tena ya dhati, kwa sababu wasee wengi huishia sura ya tatu. Mswada uko kwenye kompyuta, marafiki wamekwambia ni moto, na una akiba kidogo ya kibarua au ya chama. Kuna jamaa River Road ambaye amekuhakikishia kwamba ukimpa hela leo, Ijumaa unabeba nakala 500 zenye jalada linalong'aa.

Subiri kwanza. Wacha nikwambie jambo moja kabla hiyo pesa haijatoka mfukoni.

Kiswahili kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: mpigachapa na mchapishaji. Mpigachapa ni mwenye mashine. Ukimpa maneno mazuri atayachapa, ukimletea makosa pia atayachapa, na bei ni ileile. Mchapishaji ni yule anayeamua kama mswada umeiva, anayeukabidhi kwa mhariri, anayelipia jalada, anayeshughulikia usajili, anayetunza nakala, anayebisha milango ya maduka, na anayebeba hasara kitabu kikidoda. Ukisema umejichapishia kitabu, maana yake kazi hiyo yote imekuwa yako. Lakini vijana wengi humlipa mpigachapa wakadhani wamemaliza. Kisha maboksi yanakaa chini ya kitanda hadi panya waanze kusoma.

Maoni yangu ni haya: pesa ya kwanza ya kitabu chako mpe mhariri. Mpigachapa atasubiri, mashine yake haiendi popote.

Kwa nini wamekukataa

Pengine ulishatuma mswada kwa kampuni mbili tatu na hujajibiwa, ama umejibiwa kwa barua fupi ya heshima. Usivunjike moyo haraka. Kampuni nyingi za uchapishaji hapa Kenya huishi kwa vitabu vya shule. Kitabu kikiidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), soko lipo, na tangu 2018 serikali yenyewe ndiyo hununua vitabu vya kiada na kuvipeleka shuleni. Sasa wewe umeandika hadithi ya mapenzi ya mwanabodaboda wa Githurai, anayecheza kamari hadi kodi ya nyumba inaisha. Mhariri wa kampuni anaweza kuipenda, lakini akijiuliza itasomwa darasa gani, anakosa jibu.

Hapo ndipo nafasi yako ilipo. Kuna hadithi ambazo vijana wa mjini wanataka kuzisoma na shule haizitaki. Tena si ngoma mpya hii. Miaka ya 1970 David Maillu alikuwa na kampuni yake, Comb Books, hapa Nairobi. Alitoa vitabu vidogo kuhusu pombe, ngono na mambo ya ofisini. After 4:30, kwa mfano, ilitoka 1974. Wahakiki walimkejeli na Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake, lakini vilinunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Maillu alijua anamwandikia nani: mfanyakazi wa mjini ambaye hakuna aliyekuwa akimwandikia. Je, wewe unamjua msomaji wako? Ukijibu "kila mtu", bado hujamjua.

Lakini tuseme ukweli pia. Huenda umekataliwa kwa sababu mswada haujaiva. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili bila jicho la mtu mwingine, mtu ambaye si rafiki yako. Rafiki atakwambia "iko fiti sana" kwa sababu anakupenda, na pengine hajafika hata ukurasa wa kumi.

Kazi ya mhariri

Wengi hudhani mhariri ni mtu wa kuweka nukta na mkato. Hiyo ni sehemu tu. Mhariri ndiye atakayegundua kwamba shujaa wako ni yatima katika sura ya pili, na katika sura ya tisa anampigia mamake simu. Ndiye atakayekuuliza mbona sura ya nne na ya tano zinasema jambo lilelile. Ndiye atakayeona umeandika "alichukua karamu akaandika barua", na kukukumbusha kwamba karamu huliwa, kalamu ndiyo huandika. Programu ya kompyuta haitakusaidia hapo, maana maneno yote mawili ni sahihi.

Na usiogope ati mhariri atakufutia Sheng. Mhariri mzuri ataiacha Sheng pale inapokaa. Atakachouliza ni mbona nyanya wa kijijini anaongea kama makanga wa Rongai.

Jambo hili si lako peke yako. Msomaji akitoa Sh700 akakuta makosa kila ukurasa, atasema, "Hivi vitabu vya kujichapishia ni bure tu." Hatataja jina lako, atatutaja sote. Mwenye duka akirudishiwa kitabu ambacho kurasa zake zimepinduka au maandishi yamekatwa, siku nyingine kijana mwingine akija na kazi safi ataambiwa rafu zimejaa. Kila kitabu kibovu kinamfungia mlango mwandishi ambaye hata hamjuani.

Hebu tupige hesabu

Hizi ni namba za mfano. Za kwako zitatofautiana, lakini njia ya kuzipiga ni hiyohiyo.

Tuseme mhariri na msanii wa jalada wamechukua Sh40,000 kwa jumla. Umechapa nakala 100 tu, kila moja kwa Sh300. Unauza Sh700. Ukimpelekea mwenye duka naye akachukua asilimia 35, yaani Sh245, wewe unabaki na Sh455. Toa Sh300 za kuchapa, faida ni Sh155. Kurudisha zile Sh40,000 itabidi uuze karibu nakala 260.

Sasa uza mwenyewe, mkono kwa mkono au kwa M-Pesa. Kila nakala inakuachia Sh400. Nakala 100 zikiisha, umerudisha pesa ya mhariri na ya jalada, na kuanzia ya 101 unakula jasho lako. Linganisha na mchapishaji wa kawaida, ambaye hulipa mrabaha wa kama asilimia 10. Hiyo ni Sh70 kwa nakala, ingawa hapo hukutoa hata ndururu yako.

"Lakini nikichapa 500 kila nakala inashuka hadi Sh200!" Ni kweli. Pia umefungia Sh100,000 ndani ya maboksi kabla hujajua kama kuna anayekitaka kitabu. Na ukigundua kosa kwenye jina la sura ya kwanza, linakungoja kwenye nakala zote 500. Mashine za dijitali za siku hizi zinakuruhusu kuchapa 50 au 100, uuze, urekebishe, urudi tena. Anza kidogo. Aibu ya kuishiwa na nakala ni tamu kuliko aibu ya kubaki nazo.

Karatasi usizoruka

Omba nambari ya ISBN kutoka Huduma ya Maktaba ya Kitaifa (KNLS). Bila nambari hiyo na ile mistari myeusi ya nyuma, maduka mengi hayatakusikiza. Hakimiliki unayo tangu siku ulipoandika, na kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hata hivyo, sajili kazi yako katika Bodi ya Hakimiliki (KECOBO) ili siku mtu akikuibia uwe na ushahidi wa kushika mkononi.

Kuhusu wizi, adui wa kwanza ni faili la PDF. Usimtumie mtu yeyote kitabu kizima kwa WhatsApp, hata binamu yako. Likishaingia kwenye kundi moja la Telegram, hakuna kulirudisha. Na mpigachapa mwandikiane mkataba mfupi unaosema atachapa nakala ngapi na kwamba faili si lake.

Utauzia wapi?

Jijini Nairobi kuna maduka kama Nuria ambayo yamejijengea jina kwa kuuza kazi za waandishi waliojichapishia. Wapelekee nakala chache, andikiana nao, fuatilia kila mwezi. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo yamekuwa yakifanyika Sarit Centre kila Septemba, ni mahali pa kukutana na wenye maduka na wasomaji siku moja.

Lakini duka lako kubwa ni simu yako. Weka till ya M-Pesa, tafuta mtu wa parseli kwenye stendi ya matatu za Kisii, Eldoret au Mombasa, na uandike majina na namba za kila anayenunua, kwa ruhusa yake. Orodha hiyo ni mali. Ukitoa kitabu cha pili, huanzi tena na sifuri.

Amazon nayo haikutozi ada ya kupakia kitabu, na kwa kitabu cha kielektroniki mwandishi hupata asilimia 35 au 70 ya bei, kutegemea masharti. Ni njia nzuri ya kumfikia Mkenya aliye ughaibuni. Ila ujue kwamba Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, hivyo mapato ya mauzo ya huko yanaweza kukatwa asilimia 30 kabla hayajakufikia. Na jirani yako wa Umoja hatatafuta kadi ya benki ili asome hadithi yako. Huyo muuzie hapahapa.

Kama unaandika kwa Kiswahili, soko lako halikomi Namanga. Tanzania kuna waandishi wanaotoa hadithi vipandevipande mitandaoni, na msomaji akitaka kuendelea analipa pesa kidogo kwa simu. Hakuna mashine, hakuna boksi. Unajua mapema kama watu wanataka sehemu ya pili. Na kama mswada wako ni mzito kifasihi, Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili hupokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Ukikimbilia kuchapa, huenda ukawa umeipita nafasi hiyo bila kujua.

"Sina pesa ya mhariri"

Nimesikia hiyo, na ninaielewa. Maisha ni magumu na Sh20,000 si mchezo. Lakini kama huna pesa ya mhariri, basi bado huna pesa ya kitabu. Unayo ya karatasi tu.

Njia zipo. Toa sura mbili bure mtandaoni, kisha uuze nakala kabla hazijachapwa: wasomaji 40 wakilipa Sh700 mapema, umepata Sh28,000. Hapo ni lazima utimize ahadi kwa siku uliyosema, maana jina likishaharibika hakuna wino wa kulifuta. Ama muungane waandishi watatu, kila mmoja asome kazi ya mwenzake kwa ukali kabla ya kumlipa mhariri. Mswada uliopunguzwa makosa huchukua muda mfupi, na mhariri anaweza kukupunguzia bei. Ama mlipe kwa awamu, sura tano kwa mwezi. Kitabu kitachelewa, sawa. Hakuna msomaji aliyewahi kurudisha kitabu kwa sababu kilichelewa kuandikwa.

Wewe usiyeandika je?

Una kazi pia. Mtu wako akitoa kitabu, usimwandikie "hongera sana, nitumie PDF." Kitabu kizima mara nyingi ni bei ya pizza moja. Kinunue, kisome, na kama kina makosa mwambie faraghani. Kama ni kizuri, piga kelele.

Serikali nayo isijifiche. Sheria ya VAT ya 2013 ilileta ushuru wa asilimia 16 kwenye vitabu, na wachapishaji wamelalamika tangu hapo. Kampuni kubwa inaweza kuumeza huo mzigo kwa kuuza maelfu ya nakala. Kijana wa nakala 100 anaubeba kichwani peke yake. Huwezi kuwaambia vijana wajiajiri kwa vipaji, kisha ukatoza ushuru kitu cha kwanza wanachotengeneza.

Lakini usingoje Bunge. Wiki hii tafuta mhariri mmoja anayefanya kazi kwa lugha unayoandikia. Mpe sura ya kwanza pekee, akuharirie kama jaribio, umlipe. Ukirudishiwa ikiwa nyekundu kila mahali, usinune. Keti chini, chukua kalamu, anza kurekebisha. Kalamu, nimesema. Karamu utaiandaa nakala ya mia moja ikiuzwa.